Baba Mkwe na Sheria za Makombora

Baba mkwe wangu aliletwa Kitale kutoka Bungoma baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na kitu cha kwanza alichokiona alipoingia sebuleni kwangu kilikuwa vita. Meza yote ya kulia ilikuwa imetandikwa kitambaa cha kijani. Chini ya kitambaa nilikuwa nimepanga vitabu vya zamani vya hesabu viwe vilima, mto ulikuwa utepe wa buluu, na barabara ilikuwa kamba ya mkonge. Kando ya mto na juu ya vilima zilisimama nati na washa za pikipiki, zile pete bapa za chuma, nyingine zimepakwa rangi nyekundu, nyingine nyeupe. Mzee aliegemea magongo yake akaitazama meza kwa muda. Yeye mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa mizinga tangu ujana wake hadi alipostaafu. Kisha akamgeukia wifi yangu, binti yake anayesomea uuguzi na ambaye nilikuwa nikiishi naye, akasema, "Mwambie mama nimeshukuru kwa chumba."

Mama huyo nilikuwa mimi, na nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi kwamba tayari nilishampokea mfuko wake.

Sikuchukia. Kwao, baba na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hatukuwahi kupeana mkono, hata siku ya arusi. Nikienda kwake Bungoma nilikuwa nakula jikoni na wanawake, yeye anakula barazani, na akitaka kunijulia hali anauliza mtu mwingine huku mimi nasikia. Wengine wa rika lake wameyalegeza mambo hayo zamani. Yeye hakulegeza. Nilijua ni heshima, na nilimpenda kwa namna yake ya kuishika, ila nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake ikinilenga mimi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mume wangu. Ndiye aliyeanza kuuchapisha kutoka mtandaoni tulipooana, akanifundisha, na alipopata kazi ughaibuni akaniachia dadu, futi ya fundi cherehani ya kupimia mwendo, na furushi la karatasi za sheria. Nilidhani mchezo umekufa. Lakini jirani yangu, mama wa Kiislamu anayeuza spea za pikipiki karibu na msikiti, alikuja siku moja kuazima sufuria kubwa, akaiona meza, akauliza kila kitu ni nini. Nikamweleza. Akakaa. Sufuria aliichukua kesho yake.

"Mimi dukani nashinda nikibishana na watu wa boda juu ya cheni na breki," aliniambia. "Hapa angalau nikisema songa, vitu vinasonga." Zile nati na washa ni yeye aliyezileta, zilizolika nyuzi na ambazo hangeweza kumuuzia mtu. Nati kubwa zikawa vifaru, ndogo zikawa malori, washa zikawa vikosi vya askari wa miguu. Kitambaa cha kijani alikipata Suam, mpakani, alipokwenda kununua bidhaa zake. Kilima kirefu kuliko vyote tulikiita Kapsokwony, kwa sababu tuliamua kwamba mvua ikinyesha hakuna gari linalokipanda.

Shida yetu ilikuwa sheria. Zile alizoniachia mume wangu zilikuwa za vita vya zamani, na katika hizo kombora lilikuwa kombora tu: unarusha dadu, ukipata sita unaondoa nati ya adui. Sisi tulitaka vita vya siku hizi. Siku hizi mzinga mmoja unaweza kutupa kombora la kuvunja ukuta, au la moshi, au la kumulika usiku, au linaloelekezwa hadi dirishani, au linalopasukia hewani na kumwaga vibomu vidogo vingi. Yote yanatoka kwenye bomba moja, lakini kila moja lina kazi yake. Sasa utayaonyeshaje mezani? Kombora la moshi haliui mtu. Ukilipatia alama za kuua umedanganya, na usipolipatia chochote hakuna atakayelirusha. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na swali la namna hiyo huniamsha kabisa. Nilikuwa nikimaliza kusahihisha mitihani, naanza kuandika sheria. Jirani akija ananifutia nusu yake.

Mzee alipokuja, tulikuwa tumefikia moshi. Tulikubaliana kwamba moshi ni bonge la pamba linalowekwa mezani, macho hayalipenyi, na linakaa pale hadi mchezo uishe. Jumapili yake ya kwanza kwangu alikaa kwenye kiti cha pembeni, magongo ukutani, gazeti mkononi. Tulicheza kama hayupo. Jirani akaweka pamba yake kando ya daraja, vifaru vyake vikavuka nyuma ya pamba vikiwa salama, na zamu iliyofuata vikavuka vingine, na iliyofuata vingine.

Gazeti likashuka.

"Jirani," mzee akasema.

"Naam, mzee."

"Mwambie huyo mama moshi haikaangi mahali moja. Ati mnaweka hapo kama sufuria. Upepo iko wapi?"

Jirani alinitazama. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, hatua mbili kutoka kwa mzee. "Mzee anasema upepo uko wapi," akaniambia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

"Mwambie mzee hatukufikiria upepo," nikasema.

"Anasema hatukufikiria."

"Nimesikia," mzee akasema, na gazeti likapanda tena. Lakini nilimwona akitabasamu nyuma yake.

Tulitengeneza upepo. Njiti ya kiberiti ikawekwa ukingoni mwa meza kuonyesha unakovuma, na kila zamu pamba ikasogea, ikachambuliwa ikawa nyepesi, kisha ikaondolewa. Mchezo ulibadilika mara moja. Mtu akitaka moshi alilazimika kufikiria atauweka wapi ili upeperuke hadi anapoutaka, na akichelewa unamwacha uchi katikati ya daraja. Tangu siku hiyo kiti cha pembeni kikasogea, kidogo kidogo, hadi magoti ya mzee yakawa chini ya meza.

Hakuwa sahihi kila mara. Mizinga aliyoijua ilikuwa ya zamani, na mambo mengine yalikuwa yamempita. Droni alizikataa katakata. Tulizifanya vifungo vyeupe vya shati, na kila kimoja kilipopita juu ya meza alikitazama kama mtu anayemtazama kuku wa jirani shambani mwake. Tulipompa mizinga yake mwenyewe aisimamie aliipanga vizuri sana, kwa safu, nyuma ya Kapsokwony, jinsi alivyofundishwa. Jirani akarusha kifungo juu ya kilima, akaiona, akatangaza kombora la kuelekezwa. Hilo alama yake ilikuwa kifungo chekundu, na sheria ilisema likielekezwa halikosi.

Mizinga ya mzee ikaondolewa mezani mmoja mmoja. Alitazama mahali ilipokuwa, akachukua magongo, akaenda chumbani. Wifi yangu alimpelekea chai ikarudi imejaa.

"Nimemuua mzee wa watu," jirani akaninong'oneza. Alikuwa na huzuni ya kweli. Nilimwambia atapona.

Alipona. Jioni ya pili yake wifi yangu alinijia jikoni, ameegemea mlango anacheka. "Baba anasema nikuambie, hiyo kitu yenu ya kutokosa inaongozwa na nini? Anasema lazima kuna mtu anaimulika mpaka itue. Na huyo mtu akifungiwa moshi usoni, je?"

Niliacha kukata sukuma wiki. Ndiyo sheria tuliyokuwa tumeikosa. Kombora la kuelekezwa lingehitaji mtu wa kuliona lengo kuanzia linapotoka hadi linapotua, na yule anayeshambuliwa, akiwa mwepesi, angeweza kutupa moshi wake katikati. Basi vile vitu viwili tulivyokuwa tumeviandika mbalimbali vikaanza kujibizana. Nilifurahi mpaka nikaenda hadi mlango wa chumba chake, nikasimama nje ya pazia, nikasema nikiuambia ukuta, "Mwambie baba ni sheria nzuri sana." Hapakuwa na mtu wa kumwambia. Wifi yangu alikuwa bado jikoni. Ndani nikasikia mzee akikohoa, akisafisha koo. Nikarudi kwenye sukuma yangu.

Mume wangu alikuwa akipiga simu kila wikendi. "Baba anasumbua?" aliuliza. Nikamwambia baba anaongoza mizinga. Alicheka, akadhani ni utani.

Kisha tukafika kwenye maharagwe.

Kombora la mtawanyiko tulikuwa tumeliahirisha kwa sababu lilikuwa gumu. Linapasuka juu, linamwaga vibomu vingi eneo pana. Nilitafuta kitu kidogo kinachoweza kumwagika, nikachukua maharagwe ya nyayo, yale ya madoadoa. Unayashika kiganjani, unayaachia juu ya meza kutoka kimo cha kikombe, na kila washa au nati iliyoguswa na haragwe imepigwa. Ilikuwa sheria tamu. Haikuhitaji hesabu, watoto wangeweza kuicheza, na sauti ya maharagwe yakianguka juu ya kitambaa chenye vitabu chini yake ilitushtua sote mara ya kwanza. Baada ya hapo unayazoa, unayarudisha kwenye kikombe, zamu inaendelea.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mvua ya Kitale imeshaanza kunguruma upande wa mlimani. Wifi yangu alikuwa chuoni. Nilikuwa nimemwaga maharagwe yangu kwenye tambarare kando ya mto, nikafuta kikosi kizima cha jirani, naye alikuwa akilalamika wakati adhana ya alasiri iliposikika. "Msiguse kitu," akasema. "Nakwenda kuswali, narudi. Nitahesabu nati zangu." Akavuka ua kwenda kwake.

Tukabaki wawili, mzee na mimi, na meza kati yetu. Haikuwa imewahi kutokea. Siku zote kulikuwa na mtu wa tatu. Nilifikiria kwenda jikoni kwa kisingizio cha chai, lakini ingeonekana namkimbia, kwa hiyo nikafanya kilichokuwa mbele yangu: nikaanza kuzoa maharagwe.

"Mama," akasema. "Wacha hizo."

Niliinua macho. Alikuwa akinitazama mimi, si ukuta wala mlango. Mkono wangu ulibaki pale juu ya kitambaa, na haragwe moja kati ya vidole.

"Hizo haziokotwangi," akasema. "Rudisha mahali ilikuwa."

Nikarudisha.

Akaanza, taratibu, kwa Kiswahili chake cha jeshini. Alisema alipokuwa kijana walipelekwa nchi ya mbali kulinda amani. Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha kabla hawajafika. Kambi yao ilikuwa kando ya barabara, na kila asubuhi walipokwenda doria walipita shamba la mama mmoja. Shamba lilikuwa zuri, udongo mweusi, tambarare kama hiyo ya mezani. Lakini yule mama alikuwa amelima ukanda mwembamba tu, umepinda hivi, ukarudi hivi. Mzee aliuchora kwa kidole juu ya kitambaa. Sehemu nyingine yote ilikuwa nyasi ndefu.

"Nikauliza mkalimani, huyu ni mvivu ama nini? Akaniambia hapana. Pale amelima ni pale anajua. Kwingine kote hiyo vitu ilianguka na haikulipuka. Si zote hulipuka, unajua? Zingine zinalala tu. Zinangoja."

"Sikujua, baba," nikasema. Lilinitoka tu. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake lisilopitia kwa mtu.

"Alikuwa na mtoto, msichana, wa kutembea juzi juzi. Huyo mama anaenda mbele na jembe, halafu anageuka, anaonyesha mtoto alama ya mguu yake. Weka hapa. Mtoto anaweka. Anaenda hatua ingine. Weka hapa. Kila asubuhi. Mimi ni mtu wa mizinga, mama. Sisi tulifundishwa ile kitu ikishatua, kazi imeisha, tengeneza ingine. Hakuna mtu alitufundisha mambo ya huyo mtoto."

Mvua ilikuwa imefika juu ya mabati na ilibidi apaze sauti. Nilimuuliza kama waliwahi kulisafisha lile shamba. Alisema wahandisi wa jeshi walikuja wakaanza, kwa kamba nyeupe na vigingi, wakipiga magoti, na walikuwa wamefika kama kwenye pembe moja muda wa kikosi chake kurudi nyumbani ulipofika. Hakujua walimaliza au la. Alikuwa akiliwazia mara nyingine akipalilia mahindi yake, alisema, lakini mke wake alipokuwa hai hakumsimulia, kwa sababu wao wenyewe walikuwa na watoto wadogo na hakutaka aanze kuogopa shamba.

Nilitazama maharagwe yaliyobaki kitambaani. Mwishowe nikauliza swali ambalo mtu wa sheria anaweza kuuliza. "Sasa, baba, tuyafanyeje mezani?"

Alivuta kiti. "Zikae," akasema. "Zile ziligusa mtu, toa. Zile ziliangukia kitambaa tupu, zikae. Mchezo ukiisha, zikae. Wiki ijayo mkianza ingine, zikae hapo hapo."

"Na mtu akipita juu yake?"

"Arushe dadu. Si kila mara italipuka. Lakini arushe."

"Na wakulima? Watu wa kawaida?"

Alifikiri. "Hao hatukuwa nao mezani," akasema. "Weka."

Nilipata punje chache za mahindi jikoni, nikaziweka kando ya mto ziwe wenyeji. Tulikuwa tumeinamia meza, tukibishana kama kijiji kipate daraja lake au kitumie la jeshi, jirani aliporudi akikung'uta mvua kwenye buibui lake. Alisimama mlangoni. Mzee alikuwa akisema, "Hapana, mama, wewe unaweka watu karibu sana na maji, watazama," nami nikimjibu, "Lakini baba, maji watachota wapi?"

"Haya," jirani akasema. "Kumbe mimi nimefutwa kazi."

Mzee aliangua kicheko. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, na kicheko chake kilikuwa cha mume wangu kabisa, kile cha kuanzia puani. Nililazimika kwenda kupika chai ili machozi yangu yasionekane.

Wikendi hiyo nilipomwambia mume wangu, aliuliza mara tatu. "Wewe? Ameongea na wewe? Yeye mwenyewe?"

"Juu ya maharagwe."

"Nipe yeye," akasema. Nikampelekea mzee simu, nikafunga mlango.

Ile sheria ilituharibia mchezo kwa namna nzuri. Kombora la mtawanyiko lilikuwa silaha kali kuliko zote, na sasa hakuna aliyelitaka. Jirani alilitumia mara moja akiwa na hasira, akanifukuza kwenye barabara ya mkonge, kisha wiki iliyofuata akagundua kwamba barabara hiyo ndiyo pekee iliyompeleka darajani, nayo imejaa maharagwe yake mwenyewe. Alirusha dadu kwa kila nati iliyopita, akilaani kwa kila lugha anayoijua. Tukaandika kikosi cha wahandisi, wale wa vigingi na kamba, wanaosafisha kipande kidogo kwa zamu na hawawezi kupigana wakiwa kazini. Mzee aliuomba usimamizi wa kikosi hicho, tukampa.

Alipoacha magongo na kuanza kutumia fimbo moja, alirudi kwake Bungoma. Nyumba ilipoa. Jirani na mimi tulicheza Jumapili mbili tatu bila moyo, halafu shule zilipofungwa tukakunja kitambaa, tukapanga kila kitu kwenye beseni, na tukaenda kumtembelea kwa gari la jirani.

Alikuwa amemwita seremala. Barazani palikuwa na meza mpya, pana kuliko yangu, bado inanukia mbao. Tuliitandika, tukapanga vilima, tukarudisha kila haragwe mahali pake, maana nilikuwa nimepiga picha kabla ya kukunja. Tulicheza tangu asubuhi. Jirani alishambulia mji wa mzee na mzee hakuutetea inavyopaswa, kwa sababu wahandisi wake walikuwa kwenye tambarare ya mto, na kila zamu alisogeza kamba yake nyeupe kidogo, anarusha dadu, anaokota haragwe, analiweka kikombeni.

"Mzee, nachukua mji wako!" jirani akamwambia. "Si uniangalie hata kidogo!"

"Chukua," akasema. "Chukua tu, bana. Mama, hebu nisomee hiyo dadu, macho yangu haioni vizuri."

Niliisoma. Ilikuwa tano. Akaokota haragwe. Jirani aliuchukua mji, akatangaza ushindi, na hakuna aliyempongeza, kwa hiyo alijipongeza mwenyewe, kisha akavuta kiti upande wetu akaanza kumwonyesha mzee mahali ambapo kamba ingepita vizuri zaidi. Chakula kilipoiva, wanawake wa jikoni waliniita kwa ishara. Mzee aliona. Alisogeza kikombe na njiti ya upepo, akaniachia nafasi pale pembeni mwa meza, na ugali ukaletwa barazani kwa sote.

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Alitusindikiza hadi langoni polepole kwa fimbo yake, akauliza kama breki ziko sawa, akaonya kwamba barabara ina utelezi. Njiani, kwenye soko la Kamukuywa, jirani alisimamisha gari anunue nyanya na vitunguu, akabishana na muuzaji hadi akapunguziwa, akarudi garini akiwa bado anawaza.

"Zile droni," akasema akiwasha gari. "Mzee bado anasema hazifai. Si wewe umwambie zinafaa?"

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Nambari yake unayo."

Alipiga simu tukiwa hapo hapo kando ya soko, akaiweka kwenye spika, na wakabishana mpaka salio likaisha.